Konea Haimsubiri Baba Mkubwa

Mtu akisikia nafanya kazi kwenye benki ya macho, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: macho hayo mnayaweka kwenye friji? Ndiyo, kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, ndani ya vichupa vyenye maji ya rangi ya waridi. Ila si macho mazima. Ni konea tu, kile kioo cha mbele cha jicho, kilichobakizwa ukanda mwembamba wa weupe pembeni ili daktari apate pa kushika. Swali la pili huja na kicheko: "Nikipewa ya mwizi, nami si nitaanza kutazama mifuko ya watu?" Hilo nalijibu bila kucheka, maana chini ya mzaha pana hofu ya kweli. Konea haioni kitu. Inapitisha nuru na kuipinda, basi. Kuona ni kazi ya retina na ubongo, na hivyo viwili marehemu huzikwa navyo.

Swali ambalo hakuna anayeniuliza, nalo ndilo linalonikosesha usingizi, ni muda gani umepita tangu mtu akate roho.

Nyuma kabisa ya konea, upande unaotazama ndani ya jicho, kuna tabaka lenye unene wa seli moja tu, liitwalo endotheli. Kazi yake ni kutoa maji. Konea yenyewe, ambayo katikati ina unene wa mikroni 540 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita, hunyonya maji kutoka ndani ya jicho usiku na mchana, na seli hizi huyasukuma yarudi yalikotoka. Zikipungua mno, konea huvimba, hushika ukungu, na mwenye jicho haoni tena hata akibadilishiwa miwani. Kwenye hadubini maalumu unaziona zimepangana, kila moja na pembe zake sita, hakuna nafasi kati yao. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 2,500 hadi 3,000 hivi kwa kila milimita mraba. Na za binadamu hazizaliwi upya. Ikifa moja, jirani zake hujinyoosha kuziba pengo. Zikifa nyingi, hakuna wa kuziba.

Nalikazia jambo hili kwa sababu watu hudhani maabara yetu inatengeneza kitu. Haitengenezi. Katika kazi yote ya kuandaa konea, hakuna hatua hata moja inayoongeza seli. Umri umeshachukua zake, saa za baada ya kifo huchukua zake, mikono yetu nayo huchukua zake, na zinazosalia ndizo anazopewa mgonjwa. Umri hatuuwezi. Mikono tunaifundisha. Saa ndizo zinazotushinda.

Mikono yangu ilifundishwa Hyderabad, India, mji ambao mtu wa Mombasa hapati tabu kuuzoea. Adhana ni ileile, biriani hubishaniwa vilevile, na kuna hata mtaa uitwao A.C. Guards, uliopata jina lake kutokana na kikosi cha askari wa farasi wenye asili ya Afrika waliomtumikia Nizam, mtawala wa zamani wa mji huo. Katika mji huo iko Taasisi ya Macho ya L V Prasad, ambayo benki yake ya macho ilianza mwaka 1989, na mafundi wa Asia na Afrika huenda huko kujifunza.

Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi aliyevaa sari chini ya koti jeupe la maabara. Tulimwita Madam, kama wanavyoitwa walimu wote wa kike kule. Hakutuonyesha mwili wa mtu kwanza. Alituletea macho ya mbuzi kutoka machinjioni, akatuachia kisu, kibano na mikasi. Tukazitoa konea zetu, tukatazamana kwa kujisifu. Madam akazidondoshea rangi ya buluu iitwayo tripani, akangoja, akaziosha, kisha akatuita mmoja mmoja kwenye hadubini. Seli hai huikataa rangi hiyo, seli mfu huinywa. Kila mahali ncha ya kibano ilipogusa palikuwa na doa. Kila mahali konea ilipopindwa, hata kwa nukta moja, palipita mstari wa buluu kutoka ukingo hadi ukingo. Madam hakusema neno. Alisogeza ndoo, akatugawia macho mengine.

Kwa binadamu kazi huanza kwenye karatasi. Ridhaa imetiwa saini? Jina la kwenye kibandiko cha mkononi ndilo lililo kwenye fomu? Kilichomuua ni nini? Damu huchukuliwa ikapimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Mtu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, au kwa ugonjwa wa ubongo usioeleweka, hatumgusi kabisa. Mwaka 1979 madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa aliyekufa kwa kichaa cha mbwa alichokipata kwenye konea aliyopandikizwa. Aliyeitoa alikuwa amekufa bila ugonjwa wake kutambuliwa. Tangu hapo hakuna fundi mwenye akili anayeruka ukurasa wa historia ya marehemu kwa sababu eti familia ina haraka.

Jicho husafishwa kwa povidoni ayodini, likaoshwa kwa maji ya chumvi, kope zikashikiliwa wazi kwa kiwaya. Ule utando mwororo unaofunika weupe hukatwa kuzunguka. Kisha kisu huingia kwenye weupe wenyewe, milimita 3 hivi nje ya ukingo wa konea, kikipasua bila kutoboa tabaka jeusi lililo chini, na mikasi midogo hukamilisha duara. Hapo mgeni hudhani tumemaliza. Kumbe sasa ndiyo tunaanza, kwa sababu kipande hicho bado kimeshikana na nyama za ndani, na inabidi kiinuliwe bila kupindwa. Unashika ukanda wa weupe kwa kibano, kwa mkono mwingine unaibonyeza chini ile sehemu yenye rangi ya jicho, polepole, ukizunguka. Ukikivuta kwa pupa kitatoka kizima, cheupe, kizuri kwa macho ya kila aliyesimama pale, lakini seli za nyuma zitakuwa zimekufa, na hutajua hadi uzihesabu. Baada ya hapo huingizwa vikofia vya plastiki chini ya kope, kope zinafungwa, na uso unabaki kama ulivyokuwa. Kazi yote haifiki saa moja.

Yale maji ya waridi nayo yana hadithi yake, na hadithi yenyewe ni ya saa. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa na Eduard Zirm tarehe 7 Desemba 1905 huko Olomouc, mji ulio Jamhuri ya Cheki ya leo. Aliyepandikizwa alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho kwa chokaa. Konea ilitoka kwa mvulana wa miaka 11, aliye hai, ambaye jicho lake lilikuwa limeharibiwa na vipande vya chuma na halikuwa na budi kung'olewa. Maana yake hakukuwa na kusubiri; ilitoka huku ikaingia kule. Miaka ya 1930 Vladimir Filatov wa Odessa akaonyesha kwamba konea ya maiti inafaa, na mwaka 1944 R. Townley Paton akafungua benki ya macho New York. Lakini jicho zima likiwekwa kwenye baridi halidumu zaidi ya siku mbili hivi, kwa hiyo madaktari waliamshwa usiku na wagonjwa wakaitwa kwa pupa. Mwaka 1974 McCarey na Kaufman wakatoa maji yaliyoiwezesha konea kukaa siku 4. Yaliyofuata yakafikisha siku 14. Ulaya wengi huzihifadhi kwenye joto la mwili au karibu yake, na hufika wiki 4. Yote hayo hurefusha muda wa baada ya konea kuingia kwenye kichupa. Muda wa kabla ya hapo hakuna maji yanayourefusha.

Kabla ya kuhesabu seli, kichupa hutolewa kwenye friji kikaachwa mezani hadi kipate joto la chumba, maana konea iliyo baridi haionyeshi seli zake vizuri. Fundi mchanga huona ni kupoteza muda. Mimi saa hiyo huitumia kuikagua kwa taa kali: mikunjo, makovu, alama ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwetu konea inayokwenda kupandikizwa nzima inapaswa kuwa na seli zisizopungua 2,000. Daktari akipokea huilaza kichwa chini kwenye kijibao chenye shimo, akaikata duara kwa kisu cha mviringo kutokea upande wa nyuma, kubwa kidogo kuliko tundu alilolitoboa kwa mgonjwa, akaishona kwa uzi mwembamba usioonekana vizuri bila hadubini.

Siku hizi wengine hawaombi konea nzima. Gerrit Melles, daktari wa Uholanzi, alianza mwaka 2006 kupandikiza utando wa nyuma peke yake pamoja na seli zake, kitu chenye unene wa mikroni 10 hadi 15. Kuubandua utando huo ndiyo kazi niipendayo kuliko zote, na ndiyo inayonitoa jasho. Hufanywa chini ya maji. Unaukwaruza ukingo kuzunguka, unaupaka tripani ili uuone, unaushika kwa kibano sehemu ambayo daktari ataitupa, kisha unauvuta kuelekea katikati kwa mwendo ambao mtu aliye pembeni atadhani umeganda. Ukiachia, hujikunja kama mkeka, ila mkeka uliokunjwa kinyume, upande wa kukalia ukabaki nje. Seli zote ziko huko nje, hazina kinga. Tunaugonga muhuri mdogo wa herufi S, ili daktari akiukunjua ndani ya jicho ajue kama umelala sawa. Herufi ikisomeka kinyume, utando uko juu chini, na ukibandikwa hivyo ni kazi bure.

Hapa kuna jambo linalowafurahisha wazee nikiwaeleza. Utando wa kijana umeng'ang'ania na hujikunja kwa nguvu. Kuubandua na kuukunjua ni mateso. Wa mtu aliyepita miaka 50 hutoka kwa upole. Bibi yangu, aliyekuwa akisema macho yake yamechoka na hayamfai hata paka, nilimwambia kwamba kwa kazi hii tungemchagua yeye tukamwacha mjukuu wake. Aliyevaa miwani anafaa. Aliyetolewa mtoto wa jicho mara nyingi anafaa. Kundi la damu kwa kawaida halitazamwi, maana konea haina mishipa ya damu.

Nirudi kwenye saa. Katika joto letu tunapenda konea itoke ndani ya muda wa saa 6. Mwili ukipozwa mapema, tunaweza kuvuta hadi saa 12. Kwa karatasi muda huo ni mwingi. Wodini haupo.

Nakumbuka mzee mmoja aliyefariki alfajiri katika hospitali ya Nairobi. Binti yake alikuwa amemuuguza mwenyewe, na ndiye aliyeniita. "Daktari," alisema, ingawa mimi si daktari, "baba alishasema macho yake yachukuliwe. Mimi sina neno. Ila baba mkubwa hajafika, na bila yeye hapa hakuna anayeweza kutamka."

"Yuko wapi, dada?"

"Yuko njiani kutoka Mombasa. Basi limefika Voi."

Tukakaa kwenye benchi la korido. Nilimwomba muuguzi mambo madogo ambayo yeyote anaweza kuyafanya: kope zifungwe vizuri, pamba yenye maji safi iwekwe juu yake, feni izimwe kwa sababu hukausha konea, kichwa kiinuliwe kwa mto. Ndugu wengine wakaja, wakasalimiana, wakauliza habari, wakaambiwa, wakasema ni jambo jema ila tumngoje mzee. Hakuna aliyepinga. Nataka hilo lieleweke, maana mara nyingi naambiwa kwamba Waafrika wanakataa kutoa viungo. Katika korido zile sikukutana na kukataa kwingi. Nilikutana na kungoja.

Baba mkubwa aliingia alasiri, ana vumbi la safari, fimbo mkononi. Nilimweleza akiwa amesimama.

"Ni hilo tu, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mazishi?"

"Hayacheleweshwi. Haifiki saa moja."

Akawageukia wenzake. "Sasa mbona hamkunipigia simu? Nimekaa na simu mkononi tangu Mtito Andei."

Akatia saini. Tulizitoa konea zote mbili, zikiwa safi kwa macho, na seli zikahesabika 1,600 na kitu. Hazikutupwa. Moja ilizibia jicho lililotobolewa na kidonda, ya pili ikaenda kwa kijana mwenye konea iliyochongoka, ambaye alihitaji tabaka za mbele tu. Lakini wawili waliohitaji seli za nyuma, ambao tungewaita siku ileile, waliendelea kungoja.

Wanangojea nini? Mara nyingi hungojea sanduku kutoka ng'ambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 duniani wanahitaji konea, na kwamba ipo moja tu kwa kila watu 70. Zinazopatikana hutoka kwa watu waliozoea kutoa. Sri Lanka imezituma nchi za nje tangu miaka ya 1960, kwa juhudi alizozianzisha daktari Hudson Silva. Marekani nayo husafirisha nyingi. Sisi tunashukuru. Ila konea yenye siku 14 ikishapimwa, ikaombewa vibali na kupandishwa ndege, hutufikia ikiwa imekula zaidi ya nusu ya muda wake. Niliwahi kulisubiri sanduku la namna hiyo mbele ya dirisha la ofisi moja, barafu ndani ikiendelea kuyeyuka, afisa akitaka muhuri ambao aliyeuweka hakuwapo hadi Jumatatu. Lilitoka, mgonjwa akapandikizwa siku ya mwisho kabisa. Sikumlaumu sana yule afisa. Kwake ilikuwa ni shehena.

Hyderabad hawangoji namna hii, na si kwa sababu watu wa kule wana mioyo mikubwa kuliko yetu. Hospitalini wameweka watu waliofunzwa kuzungumza na wafiwa. Yule mtu yupo wodini, anajua taarifa ya kifo ilipotolewa, huja kutoa pole kwanza, na swali lake humfikia mwenye kauli mapema, akiwapo pale au akiwa mbali. Kazi yangu huku imenifanya niamini kwamba mshauri mmoja wa namna hiyo katika hospitali kubwa angetuletea konea nyingi kuliko mashine yoyote mpya ninayoweza kuiomba. Kadi za kuweka kwenye pochi siziamini sana. Pochi ya marehemu kwetu hufunguliwa baada ya matanga.

Kuhusu dini, kwetu Mombasa huulizwa kabla sijakaa vizuri. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha Februari 1988, lilijuzisha kuhamisha kiungo kutoka kwa maiti kumpa aliye hai, ikiwa uhai wake au kazi ya msingi ya mwili wake inategemea hilo, kwa idhini ya marehemu kabla hajafa au ya warithi wake. Na mwenye kuzika siku hiyohiyo hapotezi chochote kwetu, kwa sababu sisi ndio tunaoharakisha kuliko yeye. Kuhusu sheria, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu mzima kutoa kwa wosia, kwa hati aliyoitia saini pamoja na mashahidi wawili, au kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili.

Kwa hiyo msomaji, ikiwa umeshaamua, usiniandikie mimi na usitafute kadi. Waite watu wawili uwatamkie. Mmoja wao awe yule ambaye nyumbani kwenu hakuna linalofanyika hadi afike, na kama yuko mbali, mpigie simu leo.